Barua ya Safari: Kutoka Kyaka Hadi Lukaya

Kampala

Mpwa wangu mpendwa,

Mimi nimefika Kampala salama, nimekula matoke na mchuzi wa karanga, na sasa nina jioni nzima ya kukujibu kama nilivyokuahidi.

Uliniambia kwenye simu kwamba unakaribia kuripoti JKT, na kwamba ninyi mliomaliza kidato cha sita mnabishana kila mkikutana: katika jeshi, nani hasa ndiye mpiganaji? Mmoja anasema vifaru, mwingine anaapa kwa mizinga, na wewe ukaniambia askari wa miguu kazi yake ni kubeba mizigo tu. Nilikukatiza kwa sababu nilikuwa najua njia nitakayopita. Barabara hii ya kutoka Bukoba kwenda Kyaka, Mutukula, Masaka na Lukaya ndiyo ambayo jeshi letu, JWTZ, liliipigania kati ya mwaka 1978 na 1979. Ukiipita huku ukiitazama ardhi, utaona kwamba kila mto, kilima na kinamasi kilidai kikosi chake, na hakuna kikosi kilichoweza kuvuka vyote peke yake. Hilo ndilo jibu langu. Sasa nikusimulie nililipataje.

Kwanza chukua ramani. Mpaka wetu na Uganda, magharibi ya Ziwa Victoria, ni mstari ulionyooka kwa rula. Mto Kagera wenyewe haukuufuata mstari huo: unapinda kusini yake, kisha unarudi kaskazini na kuingia ziwani upande wa Uganda. Kwa hiyo kuna kipande cha Tanzania, yapata kilomita za mraba 1,800, kilicho ng'ambo ya mto. Tarehe 30 Oktoba 1978 majeshi ya Idi Amin yalikivamia kipande hicho, na siku mbili baadaye Amin akatangaza kuwa ni sehemu ya Uganda. Watu waliuawa, ng'ombe wakaswagwa, kiwanda cha sukari cha Kagera kikaporwa. Inakadiriwa kuwa raia wapatao 1,500 walipoteza maisha. Mwalimu Nyerere alipolihutubia taifa tarehe 2 Novemba, akataja sababu, nia na uwezo wa kumpiga mvamizi, Watanzania wakajua kwamba vita imeanza.

Lakini uwezo wenyewe ulipaswa kuvuka mto.

Nilishuka Kyaka asubuhi, kama kilomita 50 na ushei kutoka Bukoba. Daraja la leo unalivuka ndani ya gari kabla hujamaliza sentensi. Maji chini yake ni ya rangi ya udongo, yanakwenda kwa nguvu, na kingo zimejaa matete. Tarehe 3 Novemba 1978 Waganda walililipua daraja la wakati ule. Ndege zao zilikuwa zimejaribu kulipiga zikalikosa, hivyo akaletwa mtaalamu wa baruti kutoka migodi ya Kilembe akatega milipuko, na daraja likaanguka mtoni. Hapo wavamizi wakaamini kwamba wamejifungia mlango.

Simama hapo ukingoni, mpwa wangu, ufikirie kama mkuu wa vita. Una vifaru. Kifaru aina ya Type 59 tulichokuwa nacho, kilichotengenezwa China, kina uzito wa tani 36 hivi, kina mzinga wa milimita 100, na ndani kinabeba watu wanne: kamanda, mlengaji, mpakiaji na dereva. Kikiwa nchi kavu kinatisha. Mbele ya mto huu ni chuma kilichosimama. Una askari wa miguu maelfu, na wao wanaweza kuvuka kwa mitumbwi usiku, lakini wakifika ng'ambo bila mizinga wala vifaru watakuwa wamejipeleka machinjioni. Kikosi ambacho kila mtu anakisubiri ni wahandisi wa medani.

Hawa ndio wewe na wenzako hamkuwataja kabisa. Kazi yao ina pande mbili: kumfungulia njia askari wao na kumfungia adui njia yake. Wanatandika madaraja, wanategua mabomu ya ardhini, wanapasua barabara porini. Na jeshi likirudi nyuma, wao ndio wanaolipua madaraja na kutega mabomu. Madaraja ya muda yanayojulikana zaidi ni ya aina ya Bailey, yaliyobuniwa na Mwingereza Donald Bailey wakati wa Vita Kuu ya Pili. Yanakuja kwa fremu za chuma ambazo watu sita wanaweza kubeba kwa mikono, bila kreni. Zinaunganishwa kwa pini, daraja linasukumwa kutoka ukingo mmoja hadi mwingine, na mwisho wake kifaru kinapita juu. Wahandisi wa JWTZ walitandika njia ya kuvukia hapa Kagera, na katika mwezi huohuo wa Novemba brigedi zetu zikavuka na kuanza kukirudisha kipande hicho cha nchi. Wavamizi wengi walikuwa wameshaanza kuondoka. Hawakuondoka kwa hiari, na ndipo ninapofika kwenye mizinga.

Upande wa kusini wa mto ardhi imeinuka. Nilipanda mpaka penye mabaki ya kanisa lililopigwa wakati wa vita. Kuta zimesimama bila paa, na ukiwa pale unaona mto na tambarare za ng'ambo mbali sana. Nilimkuta mzee mmoja aliyekuwa mgambo mwaka ule. Nikamwamkia, tukaketi. Nilipomuuliza ni silaha gani anaikumbuka zaidi, hakufikiri mara mbili: ni roketi. Aliniambia kwamba kabla hujaona chochote ulisikia anga lote likinguruma, na hata wao waliojua kwamba ni za kwetu walijikuta wameinama.

Mzee alikuwa anazungumzia BM-21 ya Kirusi. Ni lori lenye mabomba 40 mgongoni, kila bomba na roketi ya milimita 122. Roketi zote 40 zinaweza kutoka ndani ya sekunde 20 hivi na kuanguka umbali wa kilomita 20. Waganda waliziita Saba Saba, na mpaka leo watu wazima wa Masaka ukilitaja jina hilo wanajua unasema nini. Kazi ya mizinga na roketi ni kumpiga adui usiyemwona, kumlazimisha ainamishe kichwa, kumvunjia ghala na njia zake, na kumkosesha usingizi mpaka moyo umwishe.

Lakini sikiliza hapa, maana wengi hawalijui. Mpiga mzinga karibu hamwoni kamwe anayempiga. Yuko nyuma, pengine nyuma ya kilima. Anayemwona adui ni mtazamaji, askari wa mizinga aliyetangulia mbele pamoja na askari wa miguu, ana ramani, darubini na redio. Anaangalia bomu la kwanza limeanguka wapi, anaita: ongeza mita kadhaa, sogeza kushoto. Bomu la pili linakaribia. Likishapata mahali, kikosi kizima kinafyatua. Redio ikikatika, mizinga yote ile imekuwa kipofu. Kwa hiyo nyuma ya mizinga kuna watu wa mawasiliano, nao ni kikosi kinachojitegemea, na adui mwerevu anawatafuta wao kwanza.

Kutoka Kyaka hadi Mutukula ni kama kilomita 30, lami nzuri, ndizi kando ya njia, halafu nchi inafunguka kuwa nyasi na vichuguu. Mutukula ya leo ni malori, wabadilisha fedha, chapati na kituo cha pamoja cha forodha. Hukai sana. Lakini Januari 1979 hapa ndipo vita ilipobadilika sura. Kipande chetu kilikuwa kimesharudi, ila mizinga ya Amin ilikuwa kwenye miinuko ya Mutukula na ikaendelea kutupiga ndani ya ardhi yetu. Mwenye kilima ndiye mwenye macho, na mwenye macho ndiye mwenye mizinga. Kwa hiyo ilibidi miinuko hiyo itwaliwe, na ikatwaliwa usiku wa kuamkia tarehe 22 Januari. Jenerali David Msuguri, aliyeiongoza Divisheni ya 20, akapewa jina la Jenerali Mutukula na kulibeba mpaka alipofariki mwaka 2024 akiwa na umri wa zaidi ya miaka 100.

Siwezi kukuandikia habari za Mutukula nikakuficha jambo moja. Baada ya kuutwaa mji, baadhi ya askari wetu walilipiza kisasi cha Kagera kwa kuubomoa na kuua raia. Mwalimu alisikitishwa mno akaagiza kwamba raia na mali zao wasiguswe. Nakuandikia hili kwa sababu utapewa bunduki, na mtu aliyefundishwa kuitumia ana deni la nidhamu kubwa kuliko mtu mwingine yeyote. Kikosi chochote utakachopangiwa, deni hilo ni lilelile.

Nikavuka mpaka, nikapita Kyotera, nikafika Masaka mchana. Mji huu ulitwaliwa tarehe 24 Februari 1979. JWTZ ilikamata kwanza vilima vinavyouzunguka, ikaupiga kwa mizinga, na walinzi wake wengi wakakimbia kabla askari wa miguu hawajaingia. Mbarara ikafuata siku iliyofuata. Ungekuwa nami pale Masaka ungeniambia: umeona, Mjomba, mizinga inatosha! Ningekujibu: panda gari, twende Lukaya.

Lukaya ni mji mdogo wa barabarani. Mabasi yanasimama, vijana wanakimbilia madirishani na kuku wa kuchoma na ndizi. Ukiuacha ukielekea Kampala, unaingia kwenye kinamasi cha Lwera. Barabara imeinuliwa kwa tuta, na kulia na kushoto ni maji, mafunjo na tope mpaka upeo wa macho. Nilimwomba dereva asimame kidogo nishuke. Nilitaka uone kwa macho yangu kwa nini kifaru, pamoja na unene wote wa ngozi yake, si mfalme kila mahali.

Kifaru kimeumbwa kwa mambo matatu: silaha kali, ngozi nene na mwendo. Kazi yake ni kupasua mstari wa adui, kupita kwenye ufa huo na kumharibia mipango huko nyuma kabla hajajipanga upya. Uwanja wake ni tambarare kavu. Kwenye tuta la Lwera hakina kushoto wala kulia. Kikitoka barabarani kinazama, na cha mbele kikiharibika cha nyuma hakipiti. Pia aliye ndani haoni vizuri. Askari mmoja aliyejificha kwenye mafunjo na RPG begani anaweza kummaliza. Ndiyo maana vifaru havitembei bila askari wa miguu pembeni yake: vyenyewe vinawakinga dhidi ya risasi, wao wanavikinga dhidi ya wale wanaovizia.

Tarehe 10 Machi 1979 Brigedi yetu ya 201, chini ya Imran Kombe, ilikuwa Lukaya. Wengi wa askari wake walikuwa mgambo, watu waliotoka mashambani miezi michache tu iliyopita. Jioni yake ikatokea safu ya Walibya na Waganda. Kanali Gaddafi alikuwa amemtumia Amin wapiganaji, na walikuja na vifaru vya T-55 na roketi zilezile za BM-21. Roketi nyingi zilipita juu bila kumgusa mtu. Hata hivyo kishindo chake kilitosha kuwatawanya mgambo, wakakimbilia kinamasini, na Lukaya ikapotea usiku ule. Hapo ndipo utaona kwamba silaha inaweza kushinda kwa sauti peke yake, ikiwakuta watu ambao hawajaizoea.

Lakini adui hakuendelea mbele. Alisimama. Na kilomita zipatazo 60 kaskazini magharibi kulikuwa na Brigedi ya 208 chini ya Mwita Marwa. Ikaamriwa igeuke na kuirudia barabara ya Kampala kwa nyuma. Alfajiri ya tarehe 11 ikatokea ubavuni mwa adui, wakati 201 iliyojipanga upya ikimpiga kwa mbele. Mizinga yetu ikafanya kazi yake, askari wa miguu wakafanya yao, na mwishoni mwa siku mamia ya Walibya na Waganda walikuwa wamekufa. Luteni Kanali Godwin Sule, aliyekuwa akiongoza upande wa Uganda, aliuawa huko. Baada ya Lukaya jeshi la Amin halikusimama tena kwa pigano kubwa la namna ile.

Sasa nikuulize wewe uliyesema askari wa miguu ni mbeba mizigo: nani angeweza kuzunguka usiku kucha katika nchi ya vilima na tope na kutokea asubuhi mahali ambapo adui hamtarajii? Na hiyo haikuwa mara moja. Sehemu kubwa ya jeshi letu ilitembea kwa miguu kutoka Kagera hadi Kampala, kisha ikaendelea mpaka mpaka wa Sudan, ambako vita ilikoma Juni 1979. Adui alikuwa amezoea kupigana barabarani akiwa karibu na gari lake; wetu walipita porini. Askari wa miguu ndiye anayeingia nyumba kwa nyumba, ndiye anayechimba handaki na kukaa ndani yake mvua inyeshe jua liwake. Mizinga inaweza kuvunja mji, vifaru vinaweza kuupita, lakini kuushika mji kunahitaji mtu aliyesimama pale kwa miguu yake.

Hata ndege haikumpita askari wa miguu. Tarehe 7 Aprili, Brigedi ileile ya 208 ya Mwita Marwa ilipouingia uwanja wa Entebbe, ndege ya mizigo ya Libya aina ya C-130 ilijaribu kuruka ikapigwa kwa RPG kabla haijafika popote. Dhidi ya ndege za vita, jeshi la nchi kavu lina kikosi chake cha kutungua: mizinga ya mitutu mirefu, na makombora mepesi yanayorushwa kutoka begani na kufuata joto la injini. Kazi ya watu hao ni kukesha wakitazama juu ili wengine watazame mbele. Siku wakifanya kazi yao vizuri hakuna kinachotokea, na hakuna anayewasifu.

Siku nne baada ya Entebbe, tarehe 11 Aprili 1979, Kampala ilikuwa mikononi mwa Watanzania na wapiganaji wa Uganda waliokuja nao. Nimepita leo mjini, bodaboda zimejaa kila kona, na wengi wa wanaoziendesha hawakuwa wamezaliwa.

Kitu kimoja nilikiacha makusudi, kwa sababu nilikipitia mwanzo wa safari, kabla ya Bukoba. Ni makaburi ya mashujaa ya Kaboya, wilayani Muleba, ambako walizikwa askari wetu waliokufa katika vita hii. Takwimu rasmi za jeshi zilitaja vifo 373, na kati ya hao waliouawa katika mapigano ni 96. Isome tena hesabu hiyo. Wengi wa waliokufa hawakufa kwa risasi ya adui. Vita inaua kwa ajali za malori, kwa maradhi, kwa uchovu. Kwa hiyo ukihesabu vikosi usiishie kwenye vinavyofyatua. Mhesabu dereva anayeleta chakula na risasi gizani, fundi anayefufua kifaru, mganga anayeangalia maji ya kunywa. Jeshi ambalo mwaka 1978 halikufika watu 40,000 lilipanuka kupita 150,000 kwa kuingiza mgambo, JKT, polisi na magereza, na wote hao walikula kila siku kwa sababu kuna mtu alihangaika.

Basi ukiwa kambini na mabishano yakaanza tena, waambie wenzako hivi: mhandisi anafungua njia, mizinga inamwinamisha adui, vifaru vinapasua, wa kutungua ndege wanalinda anga, wa mawasiliano anawafanya wasikilizane, na askari wa miguu anafika na kubaki. Mmoja akikosekana, mwingine anakufa bure. Ukipangiwa kikosi, jifunze kazi yako sawasawa, halafu jifunze ya jirani yako, maana uhai wako utakuwa mikononi mwake.

Nina ombi moja. Kijana aliyekuwa na miaka 20 alipovuka Kagera sasa anakaribia 70. Hata pale mtaani kwenu wapo, wengine ni mgambo ambao hawakupata cheo wala picha ukutani. Kabla hujaripoti, mtafute mmoja, umwamkie, uketi, umuulize alikuwa kikosi gani na nani alikuwa pembeni yake. Andika majina. Wazee hawa wanaondoka na habari ambazo hazipo katika kitabu chochote, na ninyi mnaovaa magwanda baada yao ndio mnaopaswa kuzipokea.

Nisalimie nyumbani wote. Niandikie ukishapangiwa kambi.

Mjomba wako akupendaye